Ndimu za Oka na Uso wa Fuatino

Asubuhi ile nilipiga mswaki kwa krimu ya uso.

Msinicheke. Kichupa kilikuwa kirefu, cheupe, chenye mfuniko wa bluu. Kilisimama palepale inaposimama dawa ya meno. Nikasugua, nikasugua. Povu halikuja. Ilikuja harufu ya maua, kama nimetafuna shada la bibi harusi.

"Fuatino!" niliita. "Njoo uone unavyomuua bibi yako!"

Fuatino ni mjukuu wangu. Ana miaka kumi na tisa. Baba yake ni mwanangu Iosua, shemasi wa kanisa letu. Mtoto anasuka mikeka vizuri na anaimba vizuri. Lakini ukimuuliza anapenda nini, atakwambia ngozi. Ana blogu yake kwenye simu. Anajaribu sabuni za uso, losheni na krimu. Kisha anawaeleza wasichana wa visiwa vyetu ipi inafaa na ipi ni ya kutupa. Bafu letu lilijaa vichupa mpaka mtu unaoga umejikunyata.

Alikuja mbio, uso umepakwa udongo wa kijani. Kuku walitawanyika.

"Bibi! Hiyo ni ya kuondoa mikunjo!"

"Vizuri. Fizi zangu zitarudi ujana. Meno sijui yatafanyaje."

Nilicheka, lakini nilikuwa nimechoka. Juma moja kabla, nilikuwa nimefulia shati la Iosua la kanisani kwa sabuni ya uso. Shati lilinukia tango ibada nzima.

Wiki ile kamati ya akina mama ilipita kukagua nyumba. Wanaangalia jiko, choo, bafu na mikeka. Nyumba ikiwa na kasoro, inasemwa mbele ya wote. Walipofungua bafu letu, walisimama mlangoni, hakuna aliyeingia. Hapakuwa na pa kukanyaga.

"Mama," mwenyekiti aliniuliza, "Iosua amefungua duka?"

Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega. Jioni ile maneno yalimfikia Iosua kwenye kikao cha kunywa kava, mbele ya wazee wenzake. Alirudi nyumbani amevimba.

"Mwisho!" alisema. "Vichupa vyote nje! Na hiyo blogu uifute!"

"Baba, nitavipanga vichupa. Lakini blogu inakosa nini?"

"Mtoto wa shemasi anauonyesha uso wake dunia nzima!"

"Uso wangu si ndio huu huu ninaokuja nao kanisani?"

"Usinijibu!"

"Sikujibu, Baba. Nakueleza. Wasichana wananunua vitu ovyo. Hawajui kilichomo. Mimi nasoma kopo kwanza, najaribu, nawaambia ukweli. Wewe unaipenda kriketi. Mimi napenda hii."

Salafai, binti yangu, alikuwa ameketi pembeni akimenya magimbi ya taro. Yeye ni dada wa Iosua, na hakuna ugomvi unaompita.

"Mambo ya dukani hayo ni sumu tupu," alisema. "Zamani watu walijipaka vitu vya asili. Nazi. Ndimu. Bibi yetu alikufa na ngozi laini kama mtoto."

"Salafai," nilimwambia, "mama yangu alikufa amekunjamana kama jani la taro lililochemshwa. Nilimwosha mimi."

Iosua hakucheka. Alimnyooshea mwanawe kidole.

"Haya. Kama lazima ujipake, jipake vitu alivyotupa Mungu. Vya dukani, marufuku. Na nikiona dhara lolote kwenye uso huo, hata chunusi moja, blogu inafutwa siku hiyo hiyo. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Baba."

Fuatino alivifunga vichupa vyake kwenye boksi akavisukuma chini ya kitanda changu. Usiku nilikuwa nikigeuka, vinagongana.

Jumamosi tulichangisha pesa za paa la kanisa. Nyumba yetu ilipewa kutengeneza oka, samaki asiyepikwa anayelowekwa kwenye ndimu na tui la nazi, na oka bila ndimu ni samaki mbichi tu. Jikoni palijaa moshi wa tanuri la mawe la kuokea taro. Kwa hiyo Fuatino na shangazi yake walikaa uani, kwenye jua, wakikamua ndimu tangu asubuhi. Mabeseni mawili yalijaa.

Salafai alishika maganda.

"Njoo, mrembo. Hii ndiyo krimu ya Mungu. Jipake."

"Shangazi, ndimu ni kali."

"Ni kali kwa samaki. Wewe ni samaki?"

Iosua alikuwa karibu akipasua kuni. "Msikilize shangazi yako," alisema.

Fuatino alijipaka mashavuni na shingoni. Maji ya ndimu yalimtiririka mpaka kifuani. Kisha, kwa kuwa uani mwanga ulikuwa mzuri, alisimama juani na kuongea na simu. "Wapendwa, leo sina kopo. Nina ndimu ya shangazi." Hapo alikaa kitambo. Halafu akaenda kuuza oka kando ya barabara, bila kofia, mpaka mchana ukaisha.

Jumapili kanisani uso ulikuwa mwekundu. Tukasema ni jua. Jumatatu asubuhi nilishtuka. Mashavu yalikuwa yamevimba, yana malengelenge. Shingoni alikuwa na michirizi, kama mtu aliyelia machozi ya moto.

"Mnaona!" alisema Salafai. "Ni zile krimu! Sumu imekaa ndani, sasa inatoka!"

Iosua alinyoosha mkono. "Lete simu."

"Baba, sijagusa krimu tangu uliponikataza!"

"Lete simu, Fuatino."

Alimpa. Alilia kimyakimya, maana hata machozi yalimchoma. Hapo mimi uvumilivu uliniisha.

"Iosua! Mtoto ana malengelenge, na wewe unaikamata simu? Simu inaumwa? Twende kwa nesi. Na wewe Salafai, twende, ukaseme hiyo sumu imetokea wapi."

Nesi Makerita alikuwa kwenye nyumba ya kamati siku ile, akipima watoto wachanga. Alimkalisha Fuatino kwenye mkeka, akamtazama kwa muda. Hakugombeza mtu.

"Alama hizi ni michirizi," alisema. "Krimu ukiipaka hutanda. Hiki kilikuwa cha maji, kikatiririka. Jumamosi ulijipaka nini?"

Fuatino alimtazama baba yake.

"Sema, mke mwenzangu," nilimwambia. "Hapa hapigwi mtu."

"Ndimu," alisema.

"Ukakaa juani?"

"Kutwa nzima."

"Basi tumempata mwizi," alisema nesi. "Maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi, na ngozi ikapigwa na jua, ngozi huungua. Haionekani saa hiyo hiyo. Huonekana baada ya siku moja, mbili. Ndiyo maana watu husingizia kitu kingine. Nani mwingine alikamua ndimu?"

Salafai alijifunga shali vizuri, mikono yote ndani. Joto lile, hata mbwa walikuwa wamelala na ndimi nje.

"Salafai," nilimwambia, "unasikia baridi?"

"Kidogo, Mama."

Nililivuta shali. Mikono yake ilikuwa na malengelenge kama ya mtoto, na mabaka ya kahawia katikati ya vidole.

"Maskini!" nilisema. "Na wewe una blogu?"

Iosua alijifunika mdomo kwa kiganja. Mabega yalitikisika.

"Lakini ndimu ni kitu cha asili!" Salafai alilalamika.

"Samaki jiwe, na miiba yake ya sumu, naye ni wa asili," nesi alimjibu. "Mbona humkanyagi?"

Aliwaosha wote wawili kwa maji na sabuni isiyo kali. Akawawekea kitambaa kibichi cha baridi. Akawaambia wasipasue malengelenge na wasitoke juani bila kujifunika. Malengelenge yakisambaa, au yakitoa usaha, au yakikaribia macho, waende hospitali. Madoa yatakuwa meusi kwanza, kisha yatafifia polepole, pengine kwa miezi. "Na kila ukikamua ndimu," alisema, "kaa kivulini, na unawe kwa sabuni kabla ya kutoka."

Iosua alikohoa. "Kwa hiyo, nesi, vya dukani ndivyo salama?"

"Si vyote, shemasi."

"Sasa mtu atajuaje?"

Nesi alifungua mdomo, lakini Fuatino alimtangulia, kitambaa kikiwa shavuni.

"Kopo lisiloandikwa vilivyomo, usilinunue. Krimu inayokuahidi weupe wa haraka, iogope. Nyingine zina zebaki, na zebaki inaharibu figo. Kitu kipya usikipake usoni kwanza. Paka kidogo ndani ya mkono, hapa kwenye kiwiko, usubiri siku kadhaa. Kikiwasha, acha. Jaribu kimoja kimoja. Ukipaka vitano kwa pamoja, hutajua kipi kimekuunguza."

Akapunguza sauti.

"Ya ndimu sikuijua. Ningejaribu mkononi kwanza, kama ninavyowaambia wenzangu. Nilitaka tu mfurahi."

Nesi alimtazama. "Juzi msichana mmoja aliniletea krimu isiyo na maandishi. Akasema ameonywa na blogu asiipake. Nikaipeleka hospitali. Ni wewe?"

"Labda ni mimi, Nesi."

Iosua alitazama mkeka. Mwanangu namjua. Akikosea hasemi, anahesabu makuti ya paa. Safari hii alitazama mkeka, kisha akatia mkono mfukoni, akatoa simu.

"Shika," alisema. "Andika habari za ndimu. Andika leo, maana wiki ijayo nyumba nyingine wanakamua."

"Baba, siifuti?"

"Nimesema andika. Mtu anaandika kitu anachokifuta?"

"Asante, Baba."

"Usitaje jina la shangazi yako."

"Nitasema ndugu mmoja."

"Kijiji kizima kitajua ni mimi!" alilia Salafai.

"Tulia, mwanangu," nilimwambia. "Kilijua tulipopita njiani."

Fuatino aliandika, akaweka na picha ya uso wake vile vile ulivyokuwa, bila kuuficha. Mchango uliofuata, kamati iliwakalisha wakamuaji wote kivulini, na ndoo ya maji na sabuni pembeni. Aliyekuwa akipiga kelele "nawa kwanza!" alikuwa Salafai. Ungedhani jambo hilo aliligundua yeye.

Uso wa Fuatino ulipona. Madoa yalichukua muda, lakini yalikwenda. Vichupa vilitoka chini ya kitanda changu, vikapangwa kwenye kikapu nilichomsukia, mbali na dawa ya meno. Kamati ilipokagua tena, mwenyekiti aliingia bafuni akakaa sana. Alitoka ananukia.

Na Iosua? Pua yake imekuwa ikibabuka kila msimu wa kriketi tangu ana miaka kumi. Siku moja alijisogeza kwa binti yake kama mtu anayetaka kuungama.

"Ile ya kuzuia jua, ni kopo lipi?"

Fuatino alimjaribishia mkononi kwanza. Akamnunulia la kwake, akaandika juu yake BABA kwa herufi kubwa.

Nilidhani sasa nitapata amani. Wapi! Kila Jumamosi kabla ya mchezo, shemasi wetu anasimama bafuni na kupiga kelele mpaka barabarani.

"Nani anaimaliza krimu yangu? Mbona kopo limekuwa jepesi? Fuatino!"

"Si mimi, Baba!"

"Salafai!"

"Mimi nina ya kwangu!"

Mimi nakaa zangu kwenye mkeka, nasuka, simjibu. Shingo yangu haibabuki siku hizi.