Kabari ya Pili

Kila Jumamosi asubuhi, akishamaliza kuosha vyombo, Chiriku alikimbilia gereji ya nyumbani kumsaidia shangazi yake. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Shangazi naye mtaa mzima walimwita Fundi Taratibu. Walimtania hivyo, lakini magari yao hawakuyapeleka kwa mwingine.

Gereji yenyewe ilikuwa banda la bati lililoegemea ukuta wa jikoni, sakafu yake ya saruji imefagiliwa ikang'aa. Chiriku hakuchoka kumtazama shangazi akifanya kazi. Shangazi aliweza kutega sikio kwenye injini, akafumba macho, kisha akataja ugonjwa wake. Alipofungua, ugonjwa ulikuwa palepale aliposema.

Jumamosi moja Baba aliingiza gari lake gerejini huku chini yake kukigonga kama debe tupu.

"Dada, silensa imelegea," alisema akiangalia saa. "Na saa tano nampeleka mama kliniki ya macho. Ameshavaa, anasubiri."

"Tutaifunga," Shangazi akajibu. "Chiriku, breki ya mkono ya gari hili siiamini. Weka kabari mbili nyuma ya magurudumu ya nyuma, moja huku, moja kule."

Chiriku alikuta kabari moja tu chini ya meza. Ni kipande cha mbao kizito, kimechongwa nyembamba upande mmoja ili kibane gurudumu lisirudi nyuma. Ya pili hakuiona. Nje, wenzake walikuwa wameanza kuruka kamba na wanamwita. Akachungulia huku na huku mara moja, akabana gurudumu la upande mmoja, akasimama.

"Tayari, Shangazi!"

Shangazi akasukuma jeki chini ya pua ya gari, akaanza kupampu. Pua ikapanda polepole.

"Si uingie tu?" Baba akasema. "Ni nati mbili, na jeki imeshika."

"Kazi ya jeki ni kunyanyua, kaka. Kubeba ni kazi ya stendi."

Akavuta stendi mbili ndefu za chuma, kila moja na miguu minne iliyotanuka chini. Akapiga goti, akaingiza mkono chini ya gari hadi begani, akipapasa sehemu nene ya chasisi ya kukalishia stendi ya kwanza.

Chiriku, ambaye alikuwa ameshafika mlangoni, aligeuka akauona mkono ule. Mkono uliomfundisha kushika spana.

"Shangazi, toa mkono! Kabari ni moja tu! Nimekudanganya. Ya pili sikuiona, nikavivia kuitafuta."

Shangazi alitoa mkono, akafungua jeki kidogo kidogo mpaka magurudumu ya mbele yakakaa sakafuni.

"Wewe mtoto!" Baba akafoka. "Unajua ungesababisha nini?"

"Anajua, ndiyo maana amesema," Shangazi akamkatiza. "Na mimi nina kosa langu. Anayeingia chini ya gari hukagua mwenyewe, na leo sikukagua. Chiriku, itafute."

Chiriku alipekua gereji nzima, akazunguka nyumba, mwishowe akaingia jikoni. Kabari ilikuwa imezuia mlango usijifunge, na Bibi ameketi kando yake amevaa nguo zake nzuri.

"Kumbe kina mwenyewe?" Bibi akashangaa. "Mimi nilijiokotea kibao cha mlango. Ndiyo maana napelekwa kwa daktari wa macho!"

Safari hii kazi ilianza upya. Chiriku alibana magurudumu yote mawili, na Shangazi akazipiga kabari teke moja moja kuhakikisha. Gari likanyanyuliwa. Stendi zikawekwa chini ya chasisi, pini za kuzishikilia zikaingizwa kwenye matundu yake kwa urefu uleule, gari likashushwa juu yake taratibu. Jeki ikaachwa ikigusa tu. Kisha Shangazi akasimama pembeni, akalisukuma gari kwa mikono miwili kwa nguvu zake zote. Halikutikisika.

"Sasa ndiyo naingia," akasema, akajitelezesha chini hadi ikabaki miguu tu.

Alikuwa anakaza nati ya mwisho jeki ilipotoa sauti, "Psss!" Mafuta yakatiririka sakafuni, jeki ikanywea yote. Chiriku akapiga yowe. Baba akaruka kushika bampa, kana kwamba angeweza kulibeba gari kwa vidole.

Lakini gari lilibaki pale pale juu ya stendi zake.

"Nani kapiga kelele?" sauti ya Shangazi ikatoka chini. "Nipeni spana ya kumi na nne."

Alipotoka akifuta mikono, Baba alikuwa ameketi juu ya tairi la akiba, jasho linamtoka. Aliitazama jeki iliyolala, akamtazama dada yake.

"Mimi nilikwambia uingie na jeki peke yake," alisema kwa sauti ndogo. "Nisamehe, dada."

"Yameisha. Mpeleke mama, daktari hamsubiri mtu."

Gari liliposhushwa kwa jeki ya kuazima kwa jirani, na Bibi alipokwisha kuingia, Shangazi alichuchumaa mbele ya Chiriku.

"Leo nimebebwa mara mbili," akamwambia. "Kwanza umenibeba wewe kwa kusema kweli, halafu stendi zikanibeba. Kila mtu hukosea kazini, mwanangu, hata mimi. Ukikosea, sema. Usingoje uulizwe, na usione haya. Sema mapema, wakati mtu bado hajaingia chini ya gari."