Vigingi vya Bwana Haskell

Jumamosi ile Lidia Marchetti alikuwa jikoni akisuuza vikombe vya kahawa, kama alivyofanya kila Jumamosi asubuhi, alipomwona kupitia dirisha mtu asiyemjua akiusalimia mti.

Ulikuwa mti wa tini wa marehemu babu yake. Kila Novemba, kabla theluji haijaanza kuanguka, Bibi Ersilia aliufunga mablanketi makuukuu kwa kamba na kuuvika ndoo kichwani ili baridi isiuue. Kwa mbali ulionekana kama mzee mnene aliyesimama kuangalia bahari. Mgeni aliinua kofia, akasubiri kuitikiwa, kisha akagundua kosa lake na kutazama huku na huku kama kuna mtu aliyemwona.

Lidia alicheka. Bibi hakucheka.

"Huyo ni nani?"

"Simjui, Bibi. Anausalimia mti."

"Mtu anayesalimia miti ana lake jambo," alisema Bibi akifuta mikono kwenye aproni. "Nenda kamuulize anataka nini. Lakini usimkaribishe ndani."

Nje upepo wa Januari ulikuwa mkali kama wembe. Mgeni alikuwa na chombo cha kupimia chenye miguu mitatu, na kwapani amebana furushi la vigingi vya mbao vilivyofungwa tepe za rangi ya machungwa.

"Hujambo, binti. Naitwa Haskell. Mimi ni mpima ardhi. Mji umenituma niweke alama mahali tuta la mchanga litakapopita."

Lidia hakuhitaji kuuliza ni tuta lipi. Kwa miaka miwili watu wa Tern Beach hawakuwa na mazungumzo mengine. Bahari ilikuwa imepanda mara mbili hadi barabarani, na serikali ya jimbo la New Jersey ilikubali kuujengea mji tuta la kuizuia. Ugomvi ulikuwa juu ya mahali pa kuliweka. Watu wa nyumba za mbele, zinazotazama maji, walisema liwekwe mbali nao, karibu na bahari. Watu wa Mtaa wa Nyuma walisema likiwekwa huko litaliwa na mawimbi msimu mmoja tu; liwekwe juu, karibu na nyumba za mbele, ambako litadumu. Lakini huko juu palikuwa na vipande vya nyua za watu, na bila saini za wenyewe hakuna koleo ambalo lingegusa mchanga. Nyumba kumi na moja zilitakiwa kutia saini. Kumi zilikuwa zimekubali. Ya kumi na moja ilikuwa ya Bibi Ersilia.

Bwana Haskell alimaliza kazi yake saa sita mchana. Kabla ya kuondoka alimwita Lidia.

"Upepo na mbwa huniangushia vigingi. Ukikiona kimoja kimelala, kisimamishe palepale kwenye tundu lake, wala si pembeni. Utanitunzia?"

"Nitakutunzia," alisema Lidia. Mtu aliyeuvulia mti kofia hakuweza kumwona mbaya. Wakapeana mikono.

Jioni Bibi alitoka kukagua. Kigingi kimoja kilisimama hatua mbili nyuma ya mti wa tini, upande wa nyumba. Maana yake ilikuwa wazi: tuta likija, mti utafukiwa.

"Leo kapima ufuo," alisema Bibi polepole. "Kesho atanipimia sebule."

Jirani yao, Bwana Brannigan, alikuwa ameegemea uzio. Alikuwa mzee mwenye nywele nyeupe na masikio yaliyosikia kila kitu isipokuwa mwito wa kazi.

"Ersilia, tuta ni kisingizio tu. Ukishatia saini, watajenga hapa njia ya mbao ya watalii. Na vyoo. Vyoo vya umma, chini ya dirisha lako la jikoni."

"Umesikia kwa nani?"

"Watu wanasema."

"Watu gani?"

"Watu, Ersilia. Watu."

Tangu siku hiyo hata hewa ya mji ilikuwa kama imechacha. Katika duka la mikate, mtu wa mbele akiingia, wa nyuma walinyamaza na kutazama maandazi. Shuleni, Declan Foy wa Mtaa wa Nyuma, aliyekaa dawati moja na Lidia tangu darasa la pili, alisogeza kiti chake.

"Bibi yako anataka sisi tuogelee sebuleni kwetu," alisema.

"Na ninyi mnataka kutunyang'anya uani kwetu."

"Uani gani, pale palipo na mti uliovaa ndoo?"

Darasa likacheka. Lidia alitamani naye avishwe ndoo.

Jumanne alirudi nyumbani na kumkuta Bibi nje, ameweka kiganja juu ya blanketi la mti. Hakujua kama ana msikilizaji. "Walikucheka ulipoupanda mchangani, Lorenzo," alimwambia marehemu mumewe kwa sauti ndogo. "Ukazaa. Sasa wakiufukia, na mimi wanifukie."

Ukungu ulikuwa umeshuka ufuoni, mzito hata bahari ilisikika tu bila kuonekana. Lidia aliweka begi lake chini. Aling'oa kigingi kilichokuwa nyuma ya mti, kisha kilichofuata, kisha kingine, mpaka vikafika saba. Alivihamishia upande wa maji, hatua kumi na tano, akivipanga vizuri ili mstari upinde taratibu na usishangaze macho. Aliziba matundu ya zamani kwa kiatu. Alipoingia ndani alinawa mikono kwa muda mrefu.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya miti. Kila Januari watu wa Tern Beach hawakutupa miti yao ya Krismasi. Waliiburuta hadi ufuoni na kuilaza kichwa kwa mkia. Upepo ulipopita kwenye matawi ya misonobari uliacha mchanga wake, na kidogo kidogo ukuta uliinuka wenyewe. Mwaka huu meya aliagiza miti ifuate vigingi, ili tuta litakapokuja likute msingi. Lidia aliuburuta mti wao, uliokuwa bado na utepe mwekundu alioufunga mwenyewe Desemba.

"Mbona mstari unapinda hapa?" aliuliza Declan.

"Mpima ndiye anayejua," mtu mmoja alijibu.

"Au wa mbele wamempa chochote mfukoni," alisema mwingine wa Mtaa wa Nyuma. Bwana Haskell mwenyewe hakuwapo. Alikuwa kazini katika mji mwingine.

Masikio ya Lidia yaliwaka moto. Aliulaza mti wake penye kona ile.

Katikati ya Machi dhoruba ya kaskazini-mashariki ilikuja, ikapiga siku mbili mfululizo. Siku ya tatu kulipotulia, watu walitoka kuangalia. Karibu ufuo wote miti ilikuwa imeshika, na mchanga juu yake ulifika magotini. Palipobomoka palikuwa mahali pamoja tu: pale mstari ulipopinda. Hapo bahari ilikuwa imeizoa miti kama vijiti vya kiberiti na kupita kwenye kichochoro kando ya nyumba ya Bibi, moja kwa moja hadi Mtaa wa Nyuma ulio bondeni.

Lidia alifuata njia ya maji. Mbele ya nyumba ya akina Foy pampu ilikuwa ikinguruma, na mama yake Declan alikuwa akivuta zulia lililolowa, zito kama mzoga. Declan alikaa kwenye ngazi na sanduku la picha za ukoo wao mapajani. Picha zilikuwa zimeshikana zote, kama keki. Hakumtania Lidia. Hakumtazama hata kidogo. Na kando ya ngazi zile, umekwama kwenye nguzo, ulikuwapo msonobari wenye utepe mwekundu.

Jumamosi mchana mji mzima ulijaa ukumbi wa zimamoto. Wa mbele walikaa kushoto, wa nyuma kulia, na katikati wakaacha njia pana. Bwana Haskell alisimama mbele, kofia mkononi.

"Daftari langu lina vipimo vya kila kigingi," alisema. "Mstari niliouweka ulikuwa umenyooka."

"Daftari ni lako na kalamu ni yako," alisema Bwana Brannigan. "Unaweza kuandika upendavyo."

"Na mfuko ni wake pia," sauti ya upande wa pili ikaongeza. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, pande zote mbili zilikubaliana.

Meya, Bi Odom, alipiga meza. "Bwana Haskell, kama kosa ni lako, itabidi tutafute mpima mwingine. Na niwaambie ukweli, hakuna mji mwingine wa pwani hii utakaokuajiri baada ya hapo."

Ndipo Bibi Ersilia aliposimama. Alikuwa mfupi, lakini watu wote walimgeukia.

"Nimesikia maneno miaka miwili. Huyu anasema hili, yule anasema lile, na kila mmoja anavutia nyumba yake. Mnataka saini yangu? Asimame hapa mtu mmoja tu, aseme ukweli unaomuumiza mwenyewe. Mtu mmoja. Nitatia saini leo hii."

Watu wachache waliguna kwa kicheko. Bibi akakaa, amekunja mikono, kama mtu aliyefunga mlango na kuzima taa.

Lidia alipima pande zote mbili. Akisema, mti wa babu unafukiwa, na Bibi anaaibika mbele ya mji. Akinyamaza, mtu asiye na kosa anafukuzwa kazi. Aliinua macho akamkuta Bwana Haskell akimtazama. Mpima alimtingishia kichwa kidogo na kutabasamu, kama mtu aliyemwona rafiki mahali pa ugeni. Katika ukumbi ule wote, yeye peke yake hakuwa akimshuku mtu.

Lidia alisimama.

"Ni mimi," alisema. "Niling'oa vigingi saba siku ya ukungu. Nilivisogeza hatua kumi na tano. Bwana Haskell aliniomba nimtunzie, nikakubali, halafu nikafanya hivyo. Bibi hakujua." Akamgeukia mama yake Declan. "Maji yameingia kwenu kwa sababu yangu. Samahani sana."

Mama yake Declan alimtazama. "Picha za baba yangu zilikuwa mle," alisema. Kisha akaongeza: "Jumamosi ijayo njoo na glavu. Kuna matope mengi."

"Nitakuja."

Bwana Brannigan alijikuna shingo. "Haya, tuseme mpima hana kosa. Na vile vyoo je?"

"Vyoo vipi?" aliuliza Bwana Haskell.

"Vya watalii. Chini ya dirisha la Ersilia."

Bi Odom aliinua ile karatasi ya saini na kuisoma yote kwa sauti, kuanzia juu hadi chini. Kulikuwa na mchanga, majani ya kupandwa, na njia moja ya kushukia ufuoni. "Nani alikwambia kuna vyoo?"

"Watu," alisema Bwana Brannigan, akitazama viatu vyake.

Bibi Ersilia alikuwa tayari njiani kuelekea mezani.

"Ersilia, ngoja," Bwana Brannigan alimwita. "Hukujua kuwa atakayesimama ni mjukuu wako. Ahadi hiyo haihesabiki."

"Nilisema mtu mmoja. Sikusema mtu wa nani. Nipeni kalamu."

Aliandika jina lake polepole, herufi kwa herufi.

Walirudi nyumbani. Walipofika kwenye mti, Lidia alishindwa kujizuia, akalia. "Nimeuua mti wa babu."

"Mti ulikuwa kwenye mstari kabla yako," alisema Bibi. "Mimi ndiye niliyekujaza shaka, na hilo nitalibeba mwenyewe. Lakini nisikilize, mjukuu wangu. Kumshuku mtu ni kazi rahisi. Hata aliyelala kitandani anaiweza. Nilimshuku mgeni wa watu kwa sababu ya vyoo ambavyo havipo. Ukweli ndio mgumu, unakutaka usimame kwa miguu yako huku watu wanakutazama. Ungesema siku ya miti, akina Foy wasingelowa. Ulichelewa, hilo ulijue. Lakini leo ulisimama, na mtu mwema amebaki na kazi yake. Neno likichelewa kutoka, kuna watu hulilipia. Basi, likumbuke hilo."

Jumamosi nne mfululizo Lidia alizoa matope kwa akina Foy. Ya kwanza Declan hakumsemesha. Ya pili alimpa koleo zuri zaidi. Ya tatu alimwambia, "Umeshika koleo kama kijiko cha supu," na Lidia alijua kwamba wamepatana.

Aprili Bibi aliufungua mti wa tini mablanketi yake kwa mara ya mwisho. Alikata vijiti sita na kuvichomeka katika ile ndoo, ndani ya mchanga wenye unyevu. Kimoja kilikuwa cha uani kwa akina Foy. Mti wenyewe ulikuwa mzee mno, mizizi yake haikuweza kuhamishwa.

Bwana Haskell alirudi, akapima upya, akapigilia vigingi vyake. Safari hii hakumwomba Lidia kitu. Aliinua tu kofia, mara moja kwake na mara moja kwa mti, akaondoka.

Siku moja kabla ya mitambo ya kujenga tuta kuja, upepo ulivuma asubuhi nzima. Lidia alitoka kwenda shule akakuta kigingi kimoja kimelala mchangani. Kilikuwa kile cha hatua mbili nyuma ya mti. Juu ya matawi, majani ya kwanza yalikuwa yameanza kufunguka, madogo kama masikio ya panya. Ufuo ulikuwa mtupu; hakukuwa na mtu wa kumwona.

Lidia alipiga magoti, akalitafuta tundu kwa vidole mpaka akalipata. Akakisimamisha kigingi palepale, akakishindilia kwa jiwe, kisha akachukua begi lake na kukimbilia shule.