Kengele ya Chumba cha Boi

Kengele ililia wakati wa sieste, usingizi wa mchana, siku ambayo mtaa mzima haukuwa na umeme.

Georgette na mumewe Symphorien walikuwa wamehamia juzi tu. Nyumba ilikuwa mojawapo ya zile zilizojengewa Wazungu zamani, Likasi ilipoitwa Jadotville, chini ya jakaranda zinazofunika barabara kwa kivuli. Kando ya kitanda kulikuwa na kitufe cha kumwita boi. Kengele yenyewe ilikuwa nyuma ya ua, katika chumba alicholala mtumishi huyo. Babu yake Symphorien alifanya kazi hiyo katika mtaa huohuo, akiingia kwa mlango wa jikoni tu. Basi Symphorien akasimama wima, akaitika kwa mzaha, kama boi akimwitikia bibi wa Kizungu:

“Oui, Madame!”

Jirani yao Salma, aliyekuja kuwakaribisha, hakucheka.

“Papa, umemujibu nani? Ile ni jini ya hii nyumba. Bazungu balienda, yeye akabakia. Iko natafuta boi, na weye umeitika.”

“Ah, Mama Salma! Basi inishonee tablier ya kuvaa nikipika!”

Mvua zilipokwisha, Symphorien aliugua ghafla, akafa. Georgette alimzika, akasali rozari, akamshukuru Mungu kwa miaka waliyopewa.

Kisha sakafu ikaanza kung'aa yenyewe kila asubuhi, ikinuka nta nyekundu, na wakati wa sieste kengele ikalia tena, na kutoka chumba cha nyuma, ambacho alikuwa amekifunga kwa kufuli, sauti ya mumewe, imechoka kama ya mtu asiyeruhusiwa kukaa, ikaitika: “Oui, Madame.”

Padiri alikuja, akanyunyiza maji ya baraka, akasali. Kengele ikanyamaza.

“Sasa anapumzika, mama,” alinong'ona. “Lakini usifinye ile bouton ya kando ya kitanda hata siku moja. Ukifinya, utamurudisha mu kazi.”

“Ndiyo, mon père. Nimesikia.”

Jakaranda zikachanua. Nyumba ikawa kimya hata akasikia maua yakianguka juu ya bati. Mchana mmoja alikuwa amelala upande wake wa kitanda, rozari mkononi, akimwomba Mungu amzuie, na huku akiomba akauona mkono wake ukinyooka kuelekea ukutani, akasema moyoni mara hii tu, nisikie sauti yake mara hii tu, na kidole kikafinya.

Nyuma ya ua kufuli likaanguka. Miguu mitupu ikavuka jikoni, polepole, ikasimama mlangoni.

“Symphorien,” alinong'ona. “Ni miye. Georgette.”

“Oui, Madame,” akaitika mumewe, akangoja kutumwa.