Kuku Aliyeitwa Syntiche

Saa nne ya asubuhi, siku ya Jumanne, wakati kila mwenye akili yuko kazini kwake, Adalbert Mwaba alikuwa amenasa kwenye tundu la ukuta. Kichwa na mkono mmoja vilikuwa ndani ya lupango, ua wa jirani. Tumbo lilikataa kupita. Sehemu iliyobaki, iliyovikwa suruali ya michezo kutoka Durban, ilibaki nyumbani kwake ikiangalia jiko la mke wake. Suruali yenyewe ilikuwa imepasuka pale ambapo suruali hupenda kupasuka.

Miaka ishirini na sita aliendesha lori. Alivuka mipaka ya nchi saba, akanawa uso katika bahari mbili, na hakuna askari wa forodha aliyewahi kumzuia zaidi ya siku mbili. Leo alizuiwa na pengo la matofali matatu yaliyoangushwa na mvua.

Mkononi alishika kitawi kibichi. Mbele ya pua yake zilisimama kandambili mbili, na ndani ya kandambili hizo vidole vikavu vya Mama Mujinga.

"Bonjour, mama," alisema Adalbert. "Niko natafuta kuku yangu."

Adalbert hakuwa na kuku. Hakuwahi kufuga hata njiwa.

Mama Mujinga hakucheka. Alikiangalia kitawi, kisha akamwangalia mwenye kukishika.

"Iko na jina?"

"Kuku?"

"Iko na jina, ao haina?"

Adalbert alitoa jina la kwanza lililokuwa karibu na ulimi. "Syntiche."

"Syntiche," alirudia yule mama polepole. Alipolitamka hakuwa anamwangalia Adalbert. Alikigeukia kichaka cha uani kwake, kile kilichokatwa tawi, kama mtu anayemjulisha mgeni kwa mwenye nyumba. "Kuku. Sawa. Inatosha. Beba."

Kisha akaweka kiganja kwenye paji la uso wa Adalbert, akamsukuma arudi alikotoka, kama mtu anavyofunga droo.

Adalbert alikaa chini kwenye vumbi la kwake na kucheka mpaka machozi. Alikuwa amekipata! Hakujiuliza kwa nini hakutukanwa. Syntiche alikuwa mjukuu wake, mtoto wa binti yake Lydie, miaka saba, jino moja limeng'oka. Alifika kutoka Kolwezi siku nne tu zilizopita, na majirani wengi walikuwa hawajamjua bado.

Mambo ya bustani yalianza na daktari, miaka kumi na miwili iliyopita. Alimwambia Adalbert kwamba sukari imepanda, miguu imechoka, na lori sasa aliangalie kwenye picha. Mke wake, Constance, alivumilia wiki mbili za mwanaume anayefungua sufuria na kusimulia habari za Walvis Bay, akachoka. "Baba Lydie, ulime hata kabustani. Ao uende."

Akalima. Na kwa kuwa alikuwa ameona nyua za watu katika nchi saba, hakutaka maua ya kupendeza macho tu. Alitaka upande mmoja dawa, upande wa pili miti ya kufukiza. Rafiki yake Chisanga, mkulima wa Lukafu aliyemwita yaya kama kaka mkubwa, alimfundisha kuchagua. "Mti ya dawa unaichagua sawa jirani, yaya. Usiulize uzuri yake. Uliza hasira yake."

Basi wakauliza hasira. Mchaichai ulikwenda karibu na mfereji, maana unapenda kunywa na mbu hawaupendi. Shubiri ilipandwa penye changarawe na jua kali, mbali na maji, kwa sababu ukiihurumia inaoza. Lumba-lumba ilikaa mlangoni pa jiko, kwa matumbo ya wageni. Mlonge ulipewa kona, na shada la pakanga kutoka kwa masista wa parokia likapewa kivuli cha asubuhi. Udongo wa Kampemba, mtaa wao, ni mwekundu na mgumu kama moyo wa mpangishaji. Aliuchanganya na samadi kwa mikono yake.

Kwa upande wa kufukiza alikuwa na rozmarini moja tu, iliyotoka kwenye villa moja ya mtaa wa Golf, nayo ilikuwa imenuna. Alichokitaka kilikuwa ng'ambo ya ukuta. Kila Jumapili, baada ya misa, Mama Mujinga aliweka majani machache juu ya makaa, na moshi wake ulipita avenue nzima. Ulinukia kama kanisa la zamani, mbao na nta na kitu kingine kisichosemeka. Watu walikuwa wakinyamaza unapopita. Wengine walifunga madirisha.

Miaka kumi na miwili Adalbert aliomba mche, na miaka kumi na miwili alijibiwa neno moja: hapana. Ukiumwa, Mama Mujinga alikupa dawa ya kunywa. Mche, kamwe. Avenue ilisema ni choyo. Baadaye avenue ikasema ni mulozi, mchawi, maana mjane anayeishi peke yake hachelewi kupata jina hilo. Jina lake la kweli alipewa na Waluba wenzake siku aliyozaliwa: Mujinga, mtoto anayekuja duniani kitovu kimemzunguka shingo.

Kitawi kilipandwa siku hiyohiyo, chini ya dirisha la chumba cha Syntiche, ili mtoto alale akisikia harufu nzuri.

Siku ya tatu kilikuwa kimefika gotini.

Adalbert alijisifu. Aliita watu waje kuona mkono wake ulivyobarikiwa. Siku ya tano mchaichai ulikauka, lakini upande mmoja tu, ule unaotazama kichaka. Lumba-lumba ikainama kuelekea jiko kama mtu anayekwepa kofi. Shubiri, ambayo hata tingatinga haliitishi, ilijikunja.

Siku ya sita Syntiche alianza kukohoa. Kituo cha afya kilipima malaria, hakuna. Kilipima kifua, safi. Muuguzi alimwinamia mtoto, akanusa nywele zake, akauliza: "Munafukiza encens mu nyumba?"

Hawakufukiza ubani wala kitu kingine. Hakuna jani hata moja lililokuwa limechumwa.

Siku ya nane, saa sita mchana, Adalbert alimkuta mjukuu wake amechuchumaa mbele ya kichaka. Alikuwa akiitika. "Eee." Ananyamaza. "Eee, niko." Ananyamaza tena.

"Uko nasema na nani, mama?"

"Iko naniita, kambo," mtoto alimjibu babu yake.

"Nani?"

Alinyoosha kidole. Adalbert akacheka, kwa mazoea. Kicheko kilikatika katikati, maana macho yake yalifuata kidole mpaka chini. Jua lilikuwa utosini. Kivuli cha mlonge kilikuwa kimejikusanya miguuni pake, kama inavyotakiwa saa hiyo. Kivuli cha kichaka kilikuwa kirefu. Kilipanda ukuta, kikapita dirishani, kikalala juu ya kitanda cha mtoto.

Asubuhi iliyofuata jua lilikuwa upande mwingine. Kivuli kilikuwa palepale.

Chisanga alifika kutoka Lukafu na mzigo wa miche. Alikiona kichaka, akaweka mzigo chini.

"Hii ulitoa wapi?"

"Kwa jirani. Nilikata kidogo tu."

"Hii mti bantu banaiombaka, yaya. Habaikate." Sauti ya Chisanga ilishuka. "Na ukiomba banakuuliza jina. Unataja mufu. Tata yako mwenye alikuzaa, kambo yako, muntu mwenye amelala zamani. Ule mufu ndiye anaichunga. Ulitaja nani?"

Adalbert aligeukia dirisha. Ndani ya nyumba Syntiche alikohoa.

"Yaya. Ulitaja nani?"

Alipoambiwa, Chisanga alibeba miche yake yote, hata ile aliyokuwa ameleta kama zawadi, akaondoka bila kunywa maji.

Sasa, Adalbert alikuwa mtu wa njia. Barabara ikifungwa, unatafuta nyingine. Alisema kuku? Basi kuku apatikane. Alikwenda sokoni, akarudi na jogoo mwekundu mwenye kiburi, akamfunga kamba mguuni, akamfungia kwenye shina la kichaka. "Wewe ni Syntiche," alimwambia jogoo kwa sauti ya kusikika. "Syntiche ni wewe." Akaingia ndani kunywa chai.

Chai haikuisha. Jogoo hakupiga kelele. Adalbert alipotoka alimkuta juu ya ukuta, amejibana, mdomo wazi, hana sauti. Kamba haikuwa mguuni mwake. Haikuwa kwenye shina pia.

Constance aliipata kitandani. Ilikuwa imeviringwa vizuri, juu ya mto wa mtoto.

Na shingoni mwa Syntiche kulikuwa na mstari mwekundu, mwembamba, unaozunguka.

Hapo Constance aligeuka mtu mwingine. Alitoka na jiwe mkononi, akalirusha juu ya ukuta. "Mulozi! Ukule batoto bako!" Jiwe la pili. La tatu. Mabati ya Mama Mujinga yalilia. Wanawake wa avenue walitoka, na wengine walianza kuinama, nao wakitafuta mawe.

Adalbert hakungoja. Alikishika kichaka kwa mikono miwili, akavuta.

Ndani, mtoto alikoroma kama anayekabwa.

Akavuta tena. Udongo ulipasuka na mzizi ukajitokeza. Mzizi mmoja tu. Ulikuwa mweupe, umesokotwa, unateleza, una joto. Ulikwenda moja kwa moja chini ya msingi wa nyumba.

"Acha!" Constance alikuwa dirishani sasa. "Baba Lydie, acha! Ukivuta, anakufa!"

Aliachia. Ndani, pumzi ya mtoto ikarudi, kidogo. Kidogo sana.

Alikwenda kwenye tundu la ukuta. Hakuingiza kichwa. Alipiga magoti.

"Mama Mujinga."

Kandambili zilikuja. Alama ya jiwe ilikuwa kwenye goti la yule mama, na damu.

"Hakukuwa kuku, mama."

Mama Mujinga alipangusa damu kwa upindo wa kitenge.

"Syntiche ni mujukuu yangu. Nilitaja jina yake bure. Nilikuwa nachekesha."

Yule mama alikaa chini, taratibu, upande wake. Kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa usawa mmoja na uso wa Adalbert. Ulikuwa uso wa bibi aliyechoka.

"Ule siku ulitaja, mu kichwa uliona nani?"

"Mutoto."

"Basi. Hata ulete kuku mia. Mti haisikiake mudomo."

"Nitaje mufu sasa. Nitaje tata."

"Imesha kuonja muzima. Mufu haimutake tena."

"Nifanye nini, mama?"

Mama Mujinga aliinua macho. Alimwangalia tu. Adalbert akaelewa kwamba jibu analo, na kwamba hakuna mtu mwingine anayeweza kulisema kwa niaba yake.

Alirudi kwenye kichaka. Pumzi za mtoto zilikuwa zinahesabika. Majirani waliacha mawe yao. Adalbert alitafuta mzaha mmoja, hata mdogo, wa kuuvaa. Hakuupata. Aliinama, mdomo karibu na udongo, akawaza uso ambao hakupenda kuuona hata kwenye kioo. Tumbo, sukari, meno, yote.

"Adalbert," alinong'ona. "Mwaba Adalbert. Ni mimi."

Majani yalitulia. Hakukuwa na upepo, na bado yalitulia.

Mzizi ukalegea. Polepole, kama nyoka aliyeshiba, ulijivuta kutoka chini ya msingi na kuzama ardhini.

Ndani ya nyumba sauti ndogo, kavu, ilisema: "Kambo, niko na njaa."

Alikula ugali wa bukari na samaki wadogo, akaomba nyingine. Alama shingoni ilififia kabla ya jioni. Wiki iliyofuata Lydie alikuja kumchukua, na mtoto aliondoka akiimba, hakumbuki kitu.

Kichaka kipo mpaka leo. Hakuna anayekigusa. Mchaichai umeota tena, shubiri imejikunjua, na mtu mgeni akipita anasifu bustani. Isipokuwa ataona kwamba kivuli kimoja hakifuati jua. Kinafuata kiti cha Adalbert. Akihamishia kiti chini ya mlonge, kivuli kinakuja. Akikiingiza sebuleni, kinaingia kwa mlango. Sisi tuliomtembelea tumekiruka mara nyingi, bila kusema.

Na shingoni ana mstari mwembamba, mwekundu. Anasema ni tai, ile Constance aliyomwomba avae tangu siku ya harusi. Tunacheka. Yeye anacheka zaidi, halafu anakohoa, na sebule yote inanukia kanisa.

Jumapili moja, baada ya misa, alikwenda kwenye tundu la ukuta. Hakuliziba, na Mama Mujinga hakuliziba. Alimkuta akichambua majani, goti bado limefungwa kitambaa.

"Mama, nikuulize."

"Uliza."

"Ulikuwa najua kazi ya hii mti. Miaka kumi na mbili ulinikatalia. Ule siku nilitaja jina, ulisikia. Juu ya nini haukunikataza?"

Mama Mujinga hakuinua kichwa.

"Ulisema ni kuku."