Mkubwa Haulizwi

Ulitazama pembeni. Usikatae. Musafiri alipotolewa pale kliniki akisukumwa mgongoni kama mwizi wa kuku, wewe, mfanyakazi mwenzake, ulijifanya unasoma simu. Mimi sisahau. Basi kaa, usikie yote.

Yeye na Mélissa walikutana kwenye foleni ya mafuta, mtaa wa Mutanga Nord, jua la saa sita likichoma. Mélissa, kitenge cha njano, viatu mkononi, alikuwa anasukuma gari lililokauka tangi. Musafiri, kijana mrefu Mkongomani kutoka Uvira ng'ambo ya mpaka, shati jeupe lililonyooka kwa pasi, akaweka bega nyuma ya gari.

"Dada, gari inasukumwa, haibembelezwi!"

"Na we nani amekuita?"

"Gari ndiyo imeniita. We ulikuwa na kiburi."

Mélissa akacheka mpaka nguvu zikamwishia. Kumbe Jumatatu Musafiri alikuwa anaanza kazi mapokezi, kliniki ileile ambako Mélissa ndiye mkuu wa kompyuta na ulinzi wake. Mapenzi yakaumuka kama unga wenye hamira. "Chérie, umekula?" kila adhuhuri kwa simu, na kati yao ukuta mmoja tu.

Halafu asubuhi moja kompyuta zote zikazimika usoni. Wezi wa mtandaoni walikuwa wamefunga faili za wagonjwa. Mama mmoja alikuwa anavuja damu chumba cha uzazi, na hakuna aliyejua kundi la damu yake; ikabidi apimwe upya. Mkurugenzi Marcellin hakungoja uchunguzi.

"Ni ule Mukongomani! Nani mwingine? Mélissa, mufungie kode yake ya kuingilia kompyuta. Hapa, mbele ya watu!"

Mélissa akabonyeza. Kwa kidole chake mwenyewe.

"Na we, Méli?" Musafiri aliuliza taratibu. Walinzi wakamshika.

Ndipo Mélissa akafuata nyayo za wezi ndani ya mashine. Waliingia kwa kode ya Marcellin! Kliniki nzima, hata madaktari, ukifungua kompyuta lazima uthibitishe kwa simu yako kwamba ni wewe. Mkurugenzi peke yake alikataa. "Mi niulizwe mi ni nani? Mu nyumba yangu?" Na Mélissa, aliyelelewa kutomjibu mkubwa, alimwondolea kufuli hilo. Wezi wakapita palepale penye heshima.

Akampigia Musafiri simu.

"Uko wapi?"

"Kwa gari za Uvira. Si mumenifukuza?"

"Usipande. Usikate. Sikia tu."

Akaingia kikaoni, Marcellin alipowakusanya wafanyakazi, simu ikiwa wazi kiganjani.

"Wezi walipita kwa kode ya patron mwenyewe, mukurugenzi. Na ule mulango niliufungua mi, sababu niliogopa kumwambia apana. Musafiri hana kosa."

Marcellin akapauka, kisha akanguruma: "Toka! We na mubwana wako, hakuna kazi!"

Nje, Mélissa akaweka simu sikioni. "Umesikia? Wote hatuna kazi."

Ikaja sauti ya Musafiri, yenye utani uleule wa kwenye foleni.

"Méli wangu, umenichoma, halafu umenizima moto mbele ya watu. Ambia baba yako ajiandae. Wajomba zangu watavuka mupaka na bia ya kuposea."

"Musafiri! Unanioa kwa simu?"

"Gari yako haina mafuta, nitakufikia na nini?"

Alilia, akacheka, akavua viatu amfuate kwa miguu.

Lakini kliniki bado wanaimba mwenye kosa ni Mukongomani. Nawe ulikuwa kikaoni, masikio yako mawili yalisikia. Weka hiyo simu chini. Simama. Nenda kaseme nani aliacha mlango wazi. Sasa hivi, kwa sauti!