Gari Lililochagua Safari

Jirani zangu, nyumba nitakayowasimulia haikuwa na kelele hata siku moja. Hakukuvunjwa sahani, hakukupigwa mtu, wala hatukuitwa kuamua ugomvi. Ndiyo maana sote tulichelewa kuiona.

Jumamosi moja mke wa nyumba hiyo, Mwalimu, aliamka na furaha. Alikuwa amefunga kapu la mama yake tangu jana: sabuni, sukari, shuka jipya na dawa ya macho. Mama aliishi mwendo wa saa mbili kutoka pale, na macho yake yalikuwa yakififia mwezi hadi mwezi. Kwenye simu alikuwa amesema, "Mwanangu, njoo niuone uso wako nikiwa bado naona."

Mume wa Mwalimu alikuwa akifagia uani huku akipiga mluzi. Tulimwita Bwana Pole kwa sababu neno hilo halikukauka mdomoni mwake. Ukijikwaa, pole. Ukipiga chafya, pole. Ukienda kazini pole, na ukirudi pole nyingine inakungoja mlangoni. Wanawake wa mtaa walimtolea mfano waume zao, nasi waume tulimchukia kidogo kwa hilo.

Mwalimu akaingia garini, akazungusha ufunguo. Taa za dashibodi ziliwaka zote, lakini starta haikusema neno. Akarudia. Kimya.

"Limegoma tena?" Bwana Pole aliegemeza ufagio ukutani. "Pole, mke wangu. Shuka, usije ukaliharibu zaidi. Nitaliangalia taratibu."

"Basi acha nipande la abiria."

"La asubuhi limeshaondoka, na la alasiri litakufikisha giza limeingia. Una gari lako, ukabanwe huko kwa nini? Tutakwenda wote wiki ijayo."

Gari lenyewe lilikuwa otomatiki, haliwaki kwa kusukumwa. Mwalimu akalifungua kapu, akarudisha sukari kabatini. Jioni Bwana Pole akalijaribu, nalo likawaka kama lisilo na hatia. Wiki ijayo ikaja na udhuru wake, na nyingine ikaja na wake; na kila alipotaja basi, aliambiwa limejaa au limeshaondoka.

Dada mkubwa wa Mwalimu, aliyekaa na mama, alivumilia mpaka akachoka. "Gari gani hilo linaumwa Jumamosi na kupona Jumatatu?" aliuliza kwenye simu. "Sema tu umetusahau."

"Dada, wallahi limegoma."

"Haya. Litakapokuhurumia, karibu." Akakata. Tangu siku hiyo hakupiga tena.

Walimu wenzake nao wakapunguza kumwalika. Walisema kwa utani kwamba ukimwalika yeye uwe umelialika na gari lake, nalo ni gumu kukubali. Mwalimu alicheka pamoja nao, kisha akaenda kulia chooni. Jumapili alikaa dirishani akipitia madaftari ya wanafunzi aliyokwisha kuyasahihisha, ili mikono ipate kazi. Bwana Pole alikaa mbele yake akisoma gazeti, ametulia, ameridhika. Mwalimu alikuwa na mume hatua mbili kutoka alipo, na bado alikuwa mpweke kuliko mjane.

Karibu na shule palikuwa na gereji ya mama mmoja fundi umeme wa magari, tuliyemwita Mama Waya. Mwalimu alimpelekea gari siku za kazi, nalo huko lilikuwa na adabu kupita kiasi. Mama Waya alipima betri, nzima. Akasugua vichwa vyake. Akakagua fyuzi moja moja, akaishusha starta na kuijaribu chini, ikazunguka vizuri. Bwana Pole hakulalamikia gharama. Alinunua hata betri mpya. Jumamosi moja fundi aliitwa nyumbani, akafika limeshawaka.

"Hili gari linaogopa daktari," Mama Waya alisema. "Mwalimu, gari linalowaka mbele yangu halina cha kunionyesha. Nunua daftari. Kila ukizungusha ufunguo, andika: siku gani, mvua au jua, injini ya moto au ya baridi, na ulikuwa unakwenda wapi."

"Ninakokwenda kunahusu nini?"

"Njia yenye mashimo hulegeza waya. Andika tu, mama."

Mwalimu aliandika kwa wiki kumi na moja, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, bila kumwambia mtu. Hakuficha, ni vile tu hakuwa na mtu wa kumwambia. Kisha akampelekea Mama Waya. Fundi alisoma kurasa zote, akarudi mwanzo, akasoma tena. Akafuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

"Kazi ya kusahihisha ni yako," alisema, akimrudishia. "Sahihisha."

Mwalimu akasoma. Jumatatu, mvua, shuleni: limewaka. Jumamosi, jua, sokoni: limewaka. Jumamosi, jua, kwa mama: limegoma. Jumapili, mvua, arusi ya mwalimu mwenzangu: limegoma. Jumanne, shuleni: limewaka. Jumamosi, kwa mama: limegoma. Kwa mama: limegoma. Kwa mama.

"Waya uliolegea haujui siku," Mama Waya alisema taratibu. "Wala haumjui mama wa mtu."

Akalala chali chini ya usukani na kurunzi mdomoni, akaufuata waya wa starta inchi kwa inchi. Pale ulipopita chini ya zulia alikuta nyaya mbili zilizoungiwa humo, zimefungwa utepe kwa ustadi. Ziliishia kwenye swichi ndogo nyuma ya reli ya kiti, mahali ambapo mkono haufiki kwa bahati.

"Watu huweka hii kuwazuia wezi; ikizimwa, gari haliwaki," alisema. "Nani mwingine ana ufunguo?"

Mwalimu alipiga magoti kando ya kiti. Aliiwasha ile swichi, akaizima, akaiwasha, akiwa haamini kwamba kitu kidogo namna ile kimemla miezi yote hiyo.

Ijumaa, wakati wa chakula, alimwambia mumewe bila kupandisha sauti, "Kesho nakwenda kwa mama."

"Vizuri, mke wangu. Msalimie."

Asubuhi akazungusha ufunguo. Taa zikawaka, starta kimya. Bwana Pole akatoka na kikombe cha chai mkononi. "Limegoma tena? Pole, mke w..."

Mwalimu aliinama, akaingiza mkono nyuma ya reli ya kiti. Tik. Akazungusha ufunguo, na gari likanguruma. Chai ilimwagikia viatu vya Bwana Pole. Safari hii hakusema pole.

"Ni ya wezi," alisema. "Niliiweka kwa ajili ya wezi."

"Sawa. Na mimi nilikuwa naiba nini, mume wangu?"

Akatazama kikombe kitupu. "Mara ya kwanza nilisahau tu kuirudisha. Ukashindwa kwenda. Tukashinda pamoja, tukapika, ukacheka. Nikaona nyumba imejaa. Ukiondoka, nyumba hii inanitisha."

"Ungeniambia."

"Ungebaki?"

"Ungekuja nami. Mama alikuwa na kiti chako."

Bwana Pole akashika mlango wa gari. Mwalimu alisubiri mpaka ule mkono ukaachia wenyewe.

Saa mbili baadaye alimkuta mama ameketi mlangoni, uso umeelekea upande usio na mtu. Dada alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kifuani, hasira zote ziko tayari.

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Ni mimi, mama."

Mama akanyoosha mikono, akaupapasa uso wake: paji, mashavu, kidevu. "Umekonda. Mwezi jana nilikuwa bado naona mwanga hapa mlangoni. Nilikaa hapa ili ukiingia nikuone." Akaufuta uso ule kwa kiganja, maana ulikuwa umelowa. "Gari limepona?"

"Halikuwa linaumwa, mama."

Akawaeleza yote. Dada yake alishusha mikono, akaja kukaa chini karibu naye. "Nami nilikuwa na miguu," alisema. "Nilikuwa na miguu, nikanuna."

Mwalimu hakurudi tena kwa mumewe. Aliomba uhamisho, na sasa anafundisha shule iliyo karibu na mama. Bwana Pole bado tunaye. Jumamosi hufagia uani, akizunguka ile sehemu yenye doa la oili, gari lilipokuwa likiegeshwa, kana kwamba bado lipo. Sasa sisi ndio tunaompa pole, naye haitikii.

FUNZO

Jirani zangu, kikulacho ki nguoni mwako, na si kila mlaji ana meno marefu. Wengine hukuletea chai. Mume anayemtenga mke na watu wake hahitaji fimbo wala kufuli. Atasema basi limejaa, atasema tutakwenda wiki ijayo. Ukipenda mtu, mwambie unaogopa kuachwa. Ukimzuia kwa hila utaachwa hivyo hivyo, na utakuwa umemwibia muda ambao huna pa kuutoa ili uulipe.

Lakini nisiwasute waume peke yao, maana kosa hili lilikuwa na wasaidizi. Sisi majirani tulisifu upole bila kuuliza kwa nini mke wa mpole haendi popote. Dada alikata simu. Walimu walicheka. Mama Waya pekee ndiye aliyeuliza: lini, na ulikuwa unakwenda wapi?

Kama una mtu wako aliyeacha kuja, usinune. Mfuate. Nenda ukamwone ungali unaona.