Nilifungua Sanduku la Cheni, Nikakuta Machungwa!

Machungwa, jamani!

Kilo kama kumi na tano hivi, yamepangwa vizuri utadhani yuko mtu alikuwa na muda wa kuyafuta moja moja.

Hapo nipo getini chini ya mlima, Alhamisi Kuu, saa nne asubuhi. Theluji inamwagika, upepo unanichapa usoni. Mbele yangu katapila la theluji limeshawasha injini. Nyuma yangu magari kama arobaini.

Huku kwetu mlima ukichafuka, huvuki kivyako. Mnapangwa msafara, mnalifuata katapila mmoja nyuma ya mwingine. Gari zito kama langu lisipokuwa na cheni za matairi linageuzwa palepale.

Dada msimamizi wa msafara, Ragnfrid, koti la njano mpaka magotini, ndiye aliyeona sanduku lililoandikwa CHENI kwa mwandiko wa marehemu baba. Akasema fungua hilo.

Nikafungua.

"Mama, haya ni machungwa," Ragnfrid akasema.

"Naona..."

Nyuma yangu nikasikia kicheko. Kicheko hicho nakijua tangu nina miaka minne.

Kaka yangu wa damu. Torleif!

"Afunge maganda kwenye matairi!" akapiga kelele kutoka dirishani kwake. "Gunnvor, geuza gari, mdogo wangu. Mchezo umeisha!"

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo mnielewe.

Baba alifariki Oktoba, akaacha gari-nyumba lake. Lina kitanda, jiko, oveni, choo, kila kitu. Mimi ni mpishi wa nyumba ya wazee, nimeachika, na kila kiangazi kwa miaka tisa nilisafiri na baba kwenye gari lile. Torleif anauza magari yaliyotumika. Maua ya kaburini hayajanyauka, yeye ameshapata mnunuzi!

Nikagoma.

"Utalifanyia nini?" akanibeza. "Wewe hata baiskeli inakushinda kwenye barafu."

"Pasaka hii nalivusha mlima. Mwenyewe."

"Ukikwama?"

"Nikivutwa au nikigeuzwa getini, liuze. Nikifika kwa mama, ni langu. Na unanyamaza."

Mama, anayeishi upande wa pili wa mlima, alisikia yote kwenye simu. Akasema, "Sawa. Nitapika kondoo. Mje na njaa."

Basi nikaanza kutafuta cheni. Wadau, msicheze na hilo jambo! Nilienda dukani kwa mzee Halvdan, muuza vipuri, nikamwambia naomba cheni za gari-nyumba. Hakunipa kitu. Alichukua tochi, akalala chini ya gari kwenye tope, akapenyeza vidole kati ya tairi na shokabu.

Viliingia viwili tu.

"Umeona nafasi ilivyo ndogo? Cheni nene hapa itakula mpira wa breki."

"Na zile za kitambaa, zinazovalishwa kama soksi?"

"Nyepesi, hata mtoto anavalisha. Lakini kwa uzito huu na mlima ule zitachanika kabla hujafika kileleni. Chukua hizi, za pete nyembamba. Na unafunga mbele, mama. Gari hili linavutwa na magurudumu ya mbele. Ukifunga nyuma umelipamba tu."

Nikamwonyesha na zile za baba, zilizokuwa kwenye sanduku. Minyororo minene, mizito! Akacheka mpaka akakohoa.

"Hizi ni za lori! Baba yako alikuwa anafanyia nini?"

Nikazirudisha sandukuni, maana kuzibeba mpaka kwenye vyuma chakavu ni kutafuta kuvunjika kiuno.

Zile mpya nikazifanyia mazoezi uani kwangu, na glavu za kuoshea vyombo. Siku ya kwanza nilitumia dakika arobaini na matusi yasiyohesabika. Majirani walikuwa wanachungulia na kahawa mkononi. Torleif alipita siku moja, akaziangalia, akasema, "Hizi si cheni, ni shanga za kiunoni. Za baba ndizo cheni." Wiki ya tatu nilikuwa nafunga kwa dakika tisa.

Haya, turudi getini.

Ragnfrid ananiangalia kwa huruma. "Pole, mama. Sheria ni sheria. Inabidi ugeuze."

Mnadhani nililia?

Nililia nini!

"Nipe dakika kumi," nikamwambia.

Nikapanda garini, nikafungua oveni. Cheni zangu zimelala humo, kavu, zimekunjwa kwenye taulo!

Nieleze. Nilipokuwa nasafisha gari baada ya msiba, nilikuta oveni ina kutu sakafuni, wakati baba hakuwahi kuoka hata mkate. Nikaisugua. Nikaona iko karibu na mlango, ni pakavu, na mimi kwenye baridi siwezi kuanza kupekua mizigo. Basi nikazihifadhi hapo.

Nikapiga magoti kwenye theluji. Gurudumu la mbele kulia, la mbele kushoto. Nikakaza, nikasogeza gari kidogo, nikakaza tena.

Dakika nane!

Jamaa wa gari la nne akapiga honi kunishangilia. Torleif hakucheka tena.

"Hizo ulizificha wapi?" akauliza.

"Na zile ulizoiba ukaniwekea machungwa, umezificha wapi, kaka?"

Kabla hajajibu, Ragnfrid akamgeukia. "Na wewe una trela la pikipiki ya theluji. Mlima leo ni mbaya. Cheni?"

Hapo ndipo aibu ilipojileta yenyewe. Torleif hakuwa na cheni zake mwenyewe. Anaamini matairi ya misumari yanatosha na cheni ni za waoga. Lakini hakutaka kugeuzwa mbele yangu. Akaenda nyuma ya gari lake, akatoa...

Cheni za baba! Za lori! Zilizotoka kwenye sanduku langu!

"Torleif, usifunge hizo," nikamwambia. Nilimwambia ukweli kabisa, kwa moyo mweupe. "Ni kubwa. Zitakuharibia gari."

"Nani fundi hapa? Toka!"

Nikatoka.

Geti likafunguka. Nje hakuna kitu, weupe mtupu. Naona taa mbili nyekundu za katapila, basi. Matairi yanauma barabara, tra-tra-tra-tra, mlio mtamu kuliko muziki. Nikawa namwambia baba kwa sauti, "Unaona? Unaona, baba?"

Kilomita ya sita, msafara ukasimama.

Cheni ya Torleif ilikuwa imevuka tairi, ikajizungusha kwenye ekseli, ikang'oa mpira wa breki. Gari likavutwa na katapila mpaka kwenye kituo cha dharura, likaachwa hapo.

Ragnfrid akagonga dirisha langu. "Una nafasi ya abiria mmoja?"

Nikamwangalia kaka yangu, nyusi zimeganda, pua inachuruzika. Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa ya kumwacha atembee. Lakini ni damu yangu.

"Apande. Akae nyuma. Na asiguse oveni."

Alikaa nyuma safari nzima akimenya machungwa.

Tulipofika, mama alikuwa mlangoni na aproni. Akanitazama nikishuka upande wa dereva, kisha akamtazama Torleif na maganda yake.

"Nani kavutwa?"



Torleif akatoa mfukoni funguo ya akiba ya gari, ileile aliyoingilia kuweka machungwa, akaniwekea mkononi.

Mezani nikamsimulia mama yote. Nilipofika kwenye oveni, akaweka uma chini, akaanza kucheka mpaka machozi.

"Baba yako alikuwa anaficha cheni zake humohumo! Zilikatika majira ya baridi yake ya mwisho. Torleif alishaziazima bila kuomba mara tatu."

"Sasa zile za lori sandukuni?"

"Aliziweka makusudi. Alisema, mwenye tabia ya kuazima bila kuomba, siku moja ataazima hizi."

Sote tukamgeukia Torleif. Alikuwa anaangalia nyama ya kondoo sahanini kwake.

Wadau, ninachowaambia ni hiki: wakikucheka ukijifunza, endelea kujifunza, tena mbele yao. Pima kwa vidole vyako, funga kwa mikono yako, na ulichokichagua mwenyewe kiweke unapopajua wewe.

Gari halijauzwa. Torleif mwenyewe nilimrudisha kwake Jumatatu ya Pasaka, na getini nilimpa glavu, akafunga cheni huku mimi nikihesabu dakika.

Alitumia hamsini na mbili.